Majivu Katika Chakula cha Broila

Mjukuu wangu alipokata kona ya ile pakiti aliyokuja nayo kwa kisu changu cha mboga, jikoni kukanuka siafu. Ukimponda siafu kwa kidole gumba, ndiyo harufu hiyo. Ilinipanda puani mpaka macho yakatoka maji, nikamwambia aitoe nje kabla haijaingia kwenye maziwa.

"Cucu, hii ndiyo asidi."

"Asidi si ile ya betri ya gari?"

"Hii ni ya kula."

"Nani ataila?"

"Kuku."

Nikamwangalia. Huyu ni msichana niliyemlea kwa mikono yangu. Mama yake, kitinda mimba wangu, aliolewa mara ya pili upande wa Isiolo, na yule mume mpya hakutaka mtoto wa mtu mwingine. Basi akaja kwangu hajaota hata meno ya mbele. Mimi niliishia darasa la tatu, wakati Uhuru umeingia juzi juzi na baba anasema msichana akijua kuhesabu mbuzi inatosha. Huyu alisoma mpaka chuo cha mifugo. Cheti chake nilikitundika sebuleni, juu ya kalenda ya kanisa. Akaajiriwa Embu katika duka la dawa za mifugo, akapanga chumba mtaa wa Majimbo, na kila mwisho wa mwezi alikuwa anapanda kuja kuniona.

Na kila alipokuja nilihakikisha njia nzima imejua. Nilisema ni daktari. Hakuwa daktari, na alinikataza kusema hivyo, lakini nilisema. Nilisema alimtibu ng'ombe wa mkubwa fulani huko Embu, ng'ombe ambaye watu walikuwa wameshaanza kumnolea visu, akasimama. Ng'ombe huyo nilimtunga mimi.

Wakati huo sisi wanawake wa kikundi cha kanisa tulikuwa tunafuga broila. Kila mmoja na kibanda chake cha mabati, huyu kuku mia, yule mia mbili, tunauza soko la Gakoromone na kwa hoteli za Meru mjini. Broila si kuku wa kienyeji. Kuku wa kienyeji ni mtu mzima, anajua kujitafutia na anajua kumkimbia mwewe. Broila ni mtoto mchanga aliyepewa mwili wa mtu mzima. Wiki sita yuko mezani, na wiki zote hizo sita yuko tayari kufa. Baridi inamuua, joto linamuua, ukiangusha sufuria anakufa kwa mshtuko.

Ndiyo maana tulikuwa tunawapa unga wa njano. Ni dawa ya kutibu kuku mgonjwa, lakini sisi tuliwapa tangu siku ya kwanza, mgonjwa na mzima, mpaka siku ya kuchinja. Tuliukoroga kwenye maji yakawa kama mkojo wa ng'ombe. Hapo mwanzo kijiko kimoja kilitosha debe. Kikawa viwili. Mwaka huo tulikuwa tunatia vinne, na kuku wanaharisha tu.

"Hiyo dawa mnawalisha wadudu wa magonjwa," mjukuu wangu akaniambia. "Wameizoea kama nyinyi mlivyozoea chai. Na hiyo nyama mnakula, watoto wenu wanakula. Siku mtoto ataugua kweli, dawa ya hospitali itapita tumboni kama maji."

Akanieleza habari ya asidi akiwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anakula ndizi. Alisema kifaranga akitoka kwenye yai tumbo lake bado halina uchachu wa kutosha. Wadudu wabaya wanapenda tumbo la namna hiyo, wanajenga humo. Chakula kikitiwa asidi kidogo, kipimo chake tu, wale wadudu wanakosa mahali pa kukaa, na chakula kinasagika vizuri zaidi.

"Hiyo ni ucuru," nikamwambia. Ucuru ni uji wetu, ule tunaouacha kwenye kibuyu mpaka uchachuke. Ukichachuka vizuri unakaa siku nne hauozi, na sijaona mtu aliyeharishwa nao.

Akaacha kutafuna. "Ndiyo hiyo, cucu. Darasani kwetu walichukua wiki mbili kuelewa."

Maneno hayo niliyabeba kijijini mwezi mzima.

Alipokuja tena mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya ibada, tukakutana kwenye chumba cha sande skuli, wanawake wazima tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yako kidevuni. Mwenyekiti wetu alikuwa mke wa mwalimu mstaafu, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kibanda chake kilikuwa kikubwa kuliko vyetu vyote na hakutuacha tusahau. Mjukuu wangu akasimama mbele, akaeleza kama alivyonieleza mimi.

"Mwari," mwenyekiti akamwambia, "unataka tuache dawa tunayoijua, tuwape kuku siki?"

"Si siki, mama. Lakini ni ndugu yake."

"Na wakifa?"

"Tujaribu kwa cucu kwanza. Vifaranga mia mbili, bila unga wa njano hata chembe. Muwe mnapita mnaangalia."

"Nimeuliza, na wakifa?"

Mjukuu wangu akawaangalia, kiti kwa kiti. Mimi nilijua anachowaza. Alikuwa amechoka kusimama dukani kwa mtu. Alitaka kurudi nyumbani, afungue duka lake la dawa hapa sokoni petu, na wateja wake wangekuwa hao hao waliokunja magoti mbele yake. Tayari walikuwa wanamwita kuangalia ng'ombe wao akija mwisho wa mwezi. Neno lake kwao lilikuwa ndio mtaji wake.

"Wakifa kwa sababu ya asidi," akasema, "msinisikilize tena. Si kwa kuku, si kwa ng'ombe."

"Umesema wewe mwenyewe," mwenyekiti akasema. "Sote tumesikia."

Nilikaa pale kifua mbele. Nilikuwa najua kuku hawatakufa. Watakufaje kwa nyanya wa daktari?

Vifaranga walikuja na pikapu ya miraa. Zile pikapu zinazoshuka Nairobi kabla ya alfajiri, zikirudi mjini Maua zinarudi tupu, basi dereva anapakia maboksi ya vifaranga na kutuachia barabarani. Mjukuu wangu aliomba ruhusa ya siku tatu kazini. Tulitandika maranda ya mbao, tukawasha jiko la mkaa, tukazungusha karatasi ngumu ili wasijibane kwenye kona. Akachanganya gunia la kwanza juu ya turubai, kwa koleo, akigeuza na kugeuza kama mtu anayechanganya simiti. Ule unga wa asidi alikuwa anaupima kwa kikombe kidogo cheupe kilichokuja ndani ya pakiti, anapangusa juu kwa kisu ili kisizidi. Mimi nikachanganya la pili yeye akiwa anaangalia. Akaridhika.

"Cucu, hivyo hivyo kila gunia. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

"Kwani mimi ni mtoto?"

Akarudi Embu.

Sasa nitasema nilichofanya.

Mimi tangu niolewe, chakula hakijatoka jikoni kwangu bila kupita kwenye ulimi wangu. Hata chumvi ya ng'ombe huwa naonja. Jioni hiyo nikachota chakula cha vifaranga kwa ncha ya vidole, nikatia mdomoni. Kiliuma. Si kuuma kwa pilipili, ni kuuma kwa limau kwenye kidonda. Nikaenda kibandani nikachuchumaa, nikaona kifaranga anadonoa halafu anatikisa kichwa. Vifaranga hutikisa vichwa hata bila sababu, nimewaona miaka mingi, lakini siku hiyo niliona ni maumivu. Nikawaza vile vikoo vyao vidogo kama uzi, na kitu hicho kinapita humo mchana kutwa.

Nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu wa umri wangu angefanya chakula kikizidi ukali. Nikatia majivu.

Majivu ya maganda ya maharagwe, si ya kuni ovyo. Unayachoma kwa uangalifu yanatoka meupe, unayachekecha yanakuwa laini kama unga wa ngano. Ukipitisha maji juu yake kwenye mkebe uliotobolewa, yale maji yanayodondoka unapikia mboga ngumu na mahindi makavu na yanalainika. Ucuru ukichachuka kupita kiasi, unatia matone mawili. Mbegu za maharagwe tunazikoroga na majivu zisiingiwe na bungua. Mama yangu alikuwa anawapaka majivu kuku wake wakipata utitiri. Sikuwahi kuona kitu ambacho majivu yameharibu. Basi nikachekecha, nikatia konzi mbili kwa kila debe, nikakoroga, nikaonja tena. Kule kuuma kumetulia. Nikasema, sasa hiki ni chakula.

Kila gunia nilipima asidi kwa kile kikombe cheupe, nikapangusa kwa kisu kama nilivyofundishwa, halafu nikatia majivu mpaka ulimi ukatulia. Sikumwambia mtu. Sikuwa naficha pia. Nani hutangaza kwamba ametia chumvi kwenye mboga?

Wiki ya kwanza vifaranga walikua vizuri na mimi nikawa sivumiliki. Mwenyekiti alipita akachungulia, akasema, "Ni mapema," akaenda.

Siku ya kumi na moja au kumi na mbili nikaona wanakunywa maji kama watu waliotoka jangwani. Chombo nilichokuwa najaza asubuhi na jioni, nikawa najaza mara nne. Maranda yakalowa. Ukikanyaga yanafyonza kandambili. Nikayatoa nikatandika mengine, kesho yake yamelowa tena. Harufu ikaanza, ile inayokata macho kama kitunguu. Kinyesi kikawa maji yenye povu, na ndani yake unaona punje za mahindi zimepita nzima nzima.

Mjukuu wangu akapiga simu. "Maranda ni makavu?"

"Yamelowa."

"Yamelowa sana?"

"Kama shamba la mpunga."

"Cucu, umebadilisha kitu?"

"Nibadilishe nini mimi?" Na siku hiyo nilisema kweli jinsi nilivyoijua. Majivu kwangu hayakuwa kitu.

Wakaanza kufa. Watatu, halafu saba, halafu niliacha kusema idadi. Nilikuwa nawazika kwenye migomba kabla watu hawajaanza kupita kwenda kuchuma chai. Akapiga simu tena, sauti yake imekuwa nyembamba. "Cucu, fikiria vizuri. Kuna kitu chochote kimeingia kwenye kile chakula? Chumvi? Dawa ya jirani? Kitu chochote cha nyumbani?"

Hapo nikayaona. Nilikuwa nimesimama jikoni, na kile chekecheo kilikuwa kimening'inia ukutani mbele ya macho yangu, cheupe kwa majivu. Nikasema, "Hakuna."

Sijui kama mtu atanielewa. Nilikuwa bibi wa miaka sitini na zaidi. Nilikuwa nimewaambia watu nimeelewa mambo ya chuo kuliko wanachuo. Kusema "nilitia majivu" ilikuwa ni kusema mimi ni yule yule wa darasa la tatu. Neno "hakuna" lilitoka rahisi sana, kama mate.

Alikuja siku iliyofuata. Hakuingia hata ndani. Alichukua kuku aliyekufa asubuhi hiyo, akatandaza gunia nyuma ya choo, akavaa glavu, akampasua. Mimi nikasimama karibu nikiwa nimeshika jagi la maji ya kunawa. Utumbo ulikuwa umevimba, umekuwa mwembamba kama karatasi iliyolowa, na ndani damu. Akauangalia muda mrefu.

"Hii ndiyo hali ambayo asidi ingepaswa kuizuia," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Akaenda stoo. Akatia mkono kwenye gunia la chakula, akanusa. Akanusa tena. Halafu akafungua pakiti ya asidi, akanusa, akarudi nyuma anapepesa macho.

"Pakiti inauma. Chakula hakiumi." Akanigeukia. "Unapima kwa kikombe hiki?"

"Kwa hicho hicho."

"Na unapangusa?"

"Napangusa."

"Basi ni mimi. Nimekosea hesabu ya kipimo."

Akararua kipande cha boksi, akakaa kwenye mlango wa stoo, akaanza kupiga hesabu kwa kalamu ya risasi. Akafuta kwa kidole kilicholowa, akaanza upya. Akafanya hivyo mpaka kile kipande cha boksi kikawa cheusi. Pakiti inauma, chakula hakiumi. Mimi nilikuwa najua ni kwa nini, kwa sababu ulimi wangu ndio uliohakikisha hakiumi. Nikamletea chai. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Asante, cucu," na mimi nikaenda kukamua ng'ombe.

Wanawake wa kikundi walikuja siku mbili baadaye kuangalia, kama tulivyokubaliana. Mjukuu wangu alikuwa ameshawapa wagonjwa dawa ya kweli ya kutibu, na waliobaki walikuwa wanasimama, lakini kibanda kilikuwa nusu tupu na kila mtu anaweza kuhesabu nusu. Mwenyekiti akaweka leso puani.

"Hata wangu wa unga wa njano hawajafika hapa," akasema.

"Hapa ni kaburini," mwingine akasema, na wawili watatu wakacheka.

Mjukuu wangu akasimama mbele yao na gambuti zake zenye matope. "Asidi si mbaya. Nilipima vibaya. Kosa ni langu."

"Mwari," mwenyekiti akamwambia, na sasa hakuwa anamcheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "wewe ni mtoto wetu. Uza dawa dukani. Habari ya kutufundisha, tuiache kama ulivyosema mwenyewe."

"Na ng'ombe wangu?" akauliza mmoja. Alikuwa na ng'ombe aliyekaribia kuzaa, na mjukuu wangu ndiye aliyekuwa anamwangalia.

"Nimeshapata mtu kutoka mjini wa kukuangalizia," mwenyekiti akamjibu.

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka hapo. Niliwakaribisha chai. Wakanywa, wakasifu chai.

Usiku huo sikulala na sitapamba hilo kwa maneno. Jumapili, wakati wa matangazo na shuhuda, nikasimama kanisani. Mjukuu wangu alikuwa amekaa upande wa vijana. Kesho yake alikuwa anarudi Embu.

"Kuku wangu hawakuuawa na asidi," nikasema. "Mjukuu wangu alipima sawa. Mimi nilionja chakula, nikaona kinauma, nikatia majivu ya maharagwe kila gunia. Majivu yakaua nguvu ya asidi, na nadhani ndiyo yaliyowapa kiu na kuwaharisha. Aliponiuliza, nikamwambia uongo. Akajilaumu mbele yenu, nami nikamwacha."

Mwenyekiti akaanza kupiga makofi.

"Mwaona nyanya," akasema, na sauti yake ilijaa kanisa. "Hivi ndivyo mzazi anavyombeba mtoto wake. Anajitwika hata la majivu."

Kanisa zima likapiga makofi. Mzee mmoja mbele yangu akageuka akanishika mkono. Nikasema, "Sijitwiki kitu, ni kweli," wakapiga makofi zaidi. Walikuwa wamenisikia miaka mingi nikimsifu yule msichana. Walikuwa wanamjua yule ng'ombe wa Embu, na nadhani siku zote walijua sikumwona mimi wala mtu mwingine. Sasa nilikuwa na jambo moja la kweli la kusema juu yake, na nilikuwa nimeshamaliza imani yao yote.

Mtu mmoja tu aliniamini. Nilimkuta nje, kando ya tangi la maji.

"Ndiyo maana hakikuuma," akasema.

"Ndiyo maana."

"Ulikuwa umeshika jagi, cucu. Nikipasua yule kuku ulikuwa umesimama hapo na jagi."

"Nilikuwa hapo."

"Nilipiga hesabu ile mpaka nikafikiri nimepoteza akili. Ukaniletea chai."

Nikasema, "Nisamehe," na akaitikia kwa kichwa, lakini vile mtu anavyoitikia kondakta aliyemkanyaga. Alipanda gari siku hiyo hiyo bila kungoja kesho. Mwisho wa mwezi hakuja. Wa pili pia. Alikuwa anapiga simu kuuliza presha yangu na kama nimekula dawa, basi.

Nikakaa na hilo mpaka likanishinda. Halafu nikafanya kitu nilichoapa maishani sitafanya, nikaenda kwa mwenyekiti kuomba.

"Nataka uchanganye chakula cha kuku wangu," nikamwambia. "Kwa mkono wako. Naleta vifaranga wengine. Asidi ikae kwako, chakula kikae kwako, ufunguo wa kibanda ukae kwako. Mimi nitatia maji tu."

Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kitambaa cha kichwa. "Wewe? Unipe mimi ufunguo wako?"

"Nikupe."

"Umechoka kumtetea, sasa unataka nimtetee mimi."

"Sitaki umtetee. Nataka uone."

Alicheka, akasema ninazeeka vibaya. Lakini ni mwanamke anayependa kuwa na ufunguo wa mtu mwingine, na akakubali. Wiki sita alikuwa anakuja asubuhi na jioni, anapima kwa kile kikombe cheupe, ananikaripia mbele ya majirani kwamba maji yangu ni machafu, kwamba sijui kupanga vyombo. Mara moja alinifukuza stooni kwangu mwenyewe. "Toka, mama wa majivu," akasema. Alikuwa anatania, bado hakuwa ameamini. Nikatoka.

Maranda yalikaa makavu. Wiki ya tatu nilichota kiganjani yakapepea. Walikufa wachache wa kawaida, wale waliofika wamekufa ndani ya boksi na wawili waliolaliwa na wenzao. Wiki ya sita walikuwa wazito mpaka wanakaa wakila. Mwenyekiti mwenyewe aliwapeleka Gakoromone kuniuzia, na aliporudi alikuwa ameshaanza kuiita dawa ile dawa yake. Wanawake wakaanza kumuuliza yeye. "Dawa ya mwenyekiti," walisema, na mimi nilikuwa nawarekebisha njiani, mmoja mmoja, wakinicheka.

Ikafika siku akaja kwangu bila kelele. Alikuwa amejaribu kwenye kibanda chake kikubwa na hakujua kipimo cha chakula cha kumalizia, kile cha kuku waliokua. "Mpigie mjukuu wako aje atufundishe wote," akasema.

Nikapiga. Mjukuu wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie mwenyekiti anipigie mwenyewe," akasema, akakata.

Nikamwambia. Mwenyekiti alisimama uani kwangu na simu mkononi muda mrefu, anaigeuza. Halafu akaenda kando ya zizi, akageuza mgongo, akapiga. Sikusikia alichosema. Mara hiyo moja sauti yake ilikuwa chini.

Aliporudi nikauliza, "Atakuja?"

"Atakuja Jumamosi." Akafunga leso yake upya. "Atashukia kwangu. Amesema atalala kwangu."

Jumamosi nilikwenda kwa mwenyekiti kama wengine, nikakaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango wa mabati. Alikuwa amekonda kidogo. Alifundisha vizuri, bila haraka, na hakuna aliyemkatiza. Yule mwanamke wa ng'ombe alikuwa anaandika kwenye daftari la mtoto. Mwisho akauliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono.

"Ndiyo, mama wa nyuma," akasema. Hakusema cucu.

"Na mtu akitia majivu?"

Benchi zote zikageuka. Mjukuu wangu akaangalia chini kidogo, halafu akamwomba mwenyekiti majivu ya jikoni na glasi ya maji. Akatia asidi kwenye maji, akakoroga, akaipitisha ili kila mtu anuse na apepese macho. Ilipomrudia akatia majivu kijiko kimoja. Ile glasi ikachemka bila moto, povu likapanda likamwagika kwenye vidole vyake. Lilipotulia akaipitisha tena. Wakanusa mmoja mmoja. Hakuna aliyepepesa macho.

"Imekufa," mwenyekiti akasema. Akanusa tena, akaweka glasi chini. Polepole akaangalia huku nyuma. "Basi wale kuku."

"Muulizeni mwenyewe," mjukuu wangu akasema.

Nikasimama. Nikasema yote tena, majivu, chekecheo, simu, jagi, nikamalizia na ng'ombe wa Embu kwa sababu nilitaka na yeye atoke. Safari hii walinisikiliza kama watu wanaosikiliza kesi. Yule wa ng'ombe akafunga daftari lake, akasema, "Na tulimfukuza mtoto wa watu."

Mjukuu wangu akafungua boksi la vikombe vyeupe vya kupimia alivyotoka navyo Embu, akaanza kugawa, benchi kwa benchi, anaonyesha mstari wa kufikia. Alipofika nyuma akanipa changu, akanionyesha mstari kama alivyowaonyesha wengine, na akasubiri mpaka niliposema nimeelewa.